Safu moja, matunzo ya aina moja: uchambuzi wa kisa cha miti ya maua nyumbani, Tabora

Usuli

Kisa hiki kinahusu bustani ya mbele ya nyumba moja ndani ya Manispaa ya Tabora, ambako mwalimu mstaafu alipanda safu ya miti ya maua kando ya ukuta wa uzio na, baada ya misimu miwili ya mvua, akajikuta ana majani mengi na maua machache mno. Jina lake, mtaa wake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa. Katika maelezo haya ataitwa Mwalimu. Anaishi na mjukuu wake wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa akifanya kazi zote za bustani kwa maelekezo ya bibi yake. Mimi niliitwa kama bwana shamba wa karibu, mwishoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekwisha kukatika.

Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Miezi inayobaki ni ya ukavu, unaoanza na usiku wa baridi wa Juni na Julai na kufikia ukali wake katika joto la Septemba na Oktoba. Udongo wa sehemu kubwa ya mji na viunga vyake ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni: hulimika kwa urahisi, hupitisha maji upesi, hauna rutuba nyingi, na chochote kinachowekwa juu yake, kiwe mbolea au majivu, huubadilisha haraka kuliko kinavyoweza kuubadilisha mfinyanzi. Mchwa nao ni wengi. Asiyezingatia hali hiyo atashindwa kuelewa kwa nini hatua ambazo pengine zisingeleta madhara Bukoba au Lushoto zilizaa matatizo hapa.

Ukuta una urefu wa mita 20 hivi na uko upande wa magharibi wa kiwanja, kwa hiyo safu hupata jua kuanzia asubuhi hadi alasiri, isipokuwa ncha ya kaskazini ambako mwembe mkubwa wa zamani hutupa kivuli kwa sehemu kubwa ya siku. Katika safu hiyo kulikuwa na bogenvilia nne, mbili zikiwa kwenye jua na mbili chini ya mwembe. Haibiskasi tano, zile za maua mekundu yenye ulimi mrefu. Iksora tatu, zilizopandwa karibu kabisa na msingi wa ukuta. Na mawaridi matatu. Iksora ya nne ilipandwa peke yake ng'ambo ya geti kwa kuwa nafasi ilikwisha, na mti huo mmoja uliosahauliwa ndio uliotusaidia baadaye kuelewa jambo ambalo vinginevyo lingetupotezea muda.

Jinsi mambo yalivyofuatana

Miti yote ilipandwa Desemba, mvua zilipokolea, katika mfereji mmoja uliochimbwa sambamba na ukuta na kujazwa samadi ya ng'ombe. Mwalimu alitaka safu inayolingana kama wanafunzi paredi, na alitoa amri zilizolingana vilevile: maji kila jioni, yakifunguliwa kwa mpira upande mmoja wa mfereji hadi yafike upande wa pili, kupogolewa kila mwanzo wa mwezi kwa panga, safu nzima kwa kimo kimoja, na mbolea ya CAN, yenye naitrojeni kwa takriban asilimia 27, iliyobaki kwa ndugu yake anayelima tumbaku, konzi moja kwa kila shina kila mwezi.

Msimu wa kwanza wa mvua ulipita bila tatizo la wazi, kwa sababu miti michanga inayokua haraka humfurahisha kila mtu. Kiangazi kilipoingia, Mwalimu aliagiza mfereji ufunikwe kwa nyasi kavu na mabua ya mahindi ili kutunza unyevu. Wazo hilo lilikuwa sahihi. Utekelezaji wake ndio uliokuwa na kasoro, kwa kuwa nyasi zilirundikwa hadi kugusa mashina. Mchwa walifuata nyasi, walipozimaliza walihamia kwenye magome, na mawaridi mawili yakafa kabla ya Oktoba.

Ili kuwafukuza mchwa, mjukuu alimwaga majivu ya mkaa kuzunguka kila shina la safu, na aliendelea kuyaongeza kila jiko lilipozolewa. Mchwa walipungua, au walionekana kupungua, kwa sababu wakati huohuo nyasi zilikuwa zimekwisha na hawakuwa tena na chakula cha kuwaleta. Baada ya miezi michache majani mapya ya iksora tatu za ukutani yalianza kutoka yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mwalimu aliitafsiri rangi hiyo kuwa njaa, akaongeza CAN. Iksora hazikubadilika, lakini haibiskasi, ambazo zilikuwa zikishiriki mfereji uleule, zilitoa machipukizi marefu, laini na yenye utomvu mwingi, na machipukizi hayo yakavamiwa na vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofanana na unga uliomwagika kwenye makwapa ya majani. Sisimizi walipanda kwa misururu kufuata majimaji matamu yanayotolewa na vidung'ata, majani ya chini yakafunikwa na ukungu mweusi kama masizi, na matumba ya maua yakawa yanadondoka kabla ya kufunguka.

Bogenvilia hazikuugua hata kidogo. Zilikuwa na afya ya kutisha: matawi yaliyopita kimo cha ukuta ndani ya wiki tatu baada ya kukatwa, majani mapana ya kijani kibichi, miiba ya kutosha kumzuia mwizi, na hakuna rangi.

Nilipofika, Mwalimu alinipokea kwenye kibaraza na kunieleza yote haya kwa mpangilio mzuri, kisha akauliza: «Bwana Shamba, miti hii nimeilisha, nimeinywesha, nimeinyoa kila mwezi. Inataka nini tena?» Kulikuwa na sababu ya haraka yake. Sendofu ya binti yake mdogo ilikuwa imepangwa kufanyika nyumbani hapo Septemba, na alikuwa ameshaanza kuulizia busta ya maua kwenye duka la pembejeo.

Tulichokiona kabla ya kuamua

Mambo mawili yalielekeza utambuzi, na yote mawili yalitoka uwanjani penyewe, si maabara. La kwanza lilisemwa na mjukuu, kwa sauti ya chini kidogo kwa kuwa alikuwa akimpinga mkubwa wake: «Bibi, ile ya kwenye kiwanja cha jirani haimwagiliwi na mtu, na ndiyo iliyojaa maua.» Ilikuwa kweli. Bogenvilia iliyoachwa kwenye kiwanja kisichojengwa, umbali wa nyumba mbili, ilikuwa imeanza kubadilika rangi wiki chache tu baada ya mvua kukoma, bila maji, bila mbolea na bila panga.

La pili lilikuwa iksora ya ng'ambo ya geti. Ilikuwa fupi kuliko zile za safu, lakini majani yake yalikuwa ya kijani kilichokolea na ilikuwa na vishada viwili vyekundu. Ilipata samadi ileile wakati wa kupandwa, lakini haikuwahi kupata majivu, wala haikuwa karibu na msingi wa ukuta, ambako tulipochimba kidogo tulikuta kifusi cha lipu na saruji kilichoachwa na mafundi. Iksora hupenda udongo wenye uchachu, wa pH ya 5 hadi 6 hivi. Majivu na saruji hupunguza uchachu huo, na udongo ukishaupoteza, madini ya chuma yaliyomo hubaki katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyachukua. Jani hutoka njano na mishipa ya kijani, na dalili hii huonekana kwanza kwenye majani machanga. Upungufu wa naitrojeni, kinyume chake, huanza kwa kuyafifisha majani ya zamani na hauachi mishipa ikiwa kijani namna ile. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kukataa tafsiri ya njaa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuacha kuitunza safu kama kitu kimoja. Hatukuing'oa na kuipanga upya, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimeanza na mti wa maua uliozoea mahali pake hauhamishwi wakati wa ukavu bila hasara. Badala yake mjukuu aliukata mfereji kwa vizuizi vya udongo na kutengeneza kisahani kuzunguka kila shina, ili kila aina ipewe maji kwa ratiba yake. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja na haikugharimu shilingi, nami naihesabu kuwa ndiyo iliyowezesha maamuzi mengine yote.

Kuhusu bogenvilia, iliamuliwa kwamba zipogolewe mara moja tu mwanzoni mwa Juni, kwa mkasi wa bustani na si kwa panga, kwa kufupisha matawi marefu kwa theluthi moja hivi. Zimwagiliwe kwa wastani hadi machipukizi mapya yafikie urefu wa shubiri. Kisha maji yakatishwe na yasirudishwe mpaka majani yaanze kulegea, ndipo kila shina lipate ndoo mbili kwa mkupuo na kuachwa tena. CAN ilisimamishwa kabisa.

Sababu za uamuzi huo zinahitaji maelezo, kwa maana Mwalimu aliupinga kwa siku kadhaa. Bogenvilia ni mmea wa Amerika ya Kusini, na jina lake linatokana na Louis Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Kile tunachokiita ua lake ni majani matatu yaliyobadilika rangi, yanayozunguka maua madogo meupe yenye umbo la mrija. Mmea huu hutoa rangi kwenye ncha za machipukizi mapya, na huhitaji wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, kutoka kukatwa hadi kuchanua. Anayekata kila mwezi hukata kila mara kabla ya siku yake, hata kama amefanya mengine yote sawasawa. Kwa upande wa maji na naitrojeni, mmea unaopata vyote kwa wingi huendelea kurefuka. Mwiba na shada la maua vya bogenvilia huota mahali pamoja, kwenye kwapa la jani, na kichipukizi kilekile kinaweza kuishia kuwa kimoja au kingine. Miiba mikubwa kwenye matawi marefu yasiyo na rangi ni ushahidi kwamba mmea umechagua kukua. Katika nchi za mbali na ikweta, kufupika kwa mchana husaidia kuuelekeza kwenye maua. Tabora, iliyo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka ni kama dakika 35 tu, kwa hiyo mwenye bustani asitegemee sana msaada huo. Kilichomo mikononi mwake ni maji, mbolea na mkasi.

Haibiskasi zilipewa ratiba iliyo karibu kuwa kinyume. Ua lake hudumu siku moja, kwa kawaida, na mti hulazimika kuunda matumba mapya bila kukoma. Ukikauka leo na kufurika kesho, huyadondosha. Iliamuliwa zimwagiliwe kwa wingi mara mbili kwa wiki, asubuhi, mpaka maji yazame, badala ya kuloweshwa juujuu kila jioni kama ilivyokuwa. Machipukizi yaliyojaa vidung'ata yalikatwa na kuchomwa moto, yaliyobaki yakapuliziwa maji ya sabuni ya kipande kila baada ya siku chache, na matawi yote yaliyokuwa yakigusa ukuta yakaondolewa ili sisimizi wasipate njia ya pili ya kupanda. Hatua ya mwisho ndiyo watu huisahau. Sisimizi huwalinda vidung'ata dhidi ya wadudu wanaowala, kwa hiyo kupiga dawa huku misururu ya sisimizi ikiendelea kupanda ni kazi isiyokwisha. Haibiskasi, itafaa kukumbusha, ni jamaa ya bamia, rozela na pamba, na wapo vidung'ata wanaoishambulia jamii hiyo nzima. Bamia zilizokuwa zimezeeka nyuma ya jiko zilikutwa na wadudu hao, zikang'olewa.

Kwa iksora, tuliondoa majivu yote yaliyoonekana pamoja na tabaka la juu la udongo, tukatoa kifusi kadiri koleo lilivyofika, na kurudishia mboji iliyochanganywa na majani yaliyooza ya chini ya mwembe. Nilimweleza Mwalimu waziwazi kwamba iksora zisingekuwa na sura nzuri kufikia Septemba na kwamba zingehamishwa mvua zikianza.

Waridi lililobaki lilihamishiwa kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa chini na kuwekwa juu ya matofali kibarazani. Matandazo yalirudishwa kwenye haibiskasi, safari hii kwa mboji iliyokwisha kuoza badala ya nyasi kavu, na kwa kuacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina.

Jirani mmoja alijitolea pingili za oleanda, kwa hoja kwamba huvumilia ukavu na huchanua bila matunzo. Hoja ilikuwa ya kweli. Tulizikataa kwa kuwa sehemu zote za mti huo zina sumu kwa watu na mifugo, na katika kiwanja hicho mbuzi huingia na wajukuu wadogo huja kila likizo.

Matokeo

Bogenvilia mbili zilizokuwa juani zilianza kuonyesha rangi mwanzoni mwa Agosti, kwenye ncha kwanza na kisha kurudi nyuma kwenye tawi, na kufikia siku ya sendofu sehemu ile ya ukuta ilikuwa imefunikwa. Wageni walipiga picha hapo. Bili ya maji ilikuwa imeshuka pia, jambo ambalo Mwalimu alilitaja mara nyingi zaidi kuliko maua.

Zile mbili za chini ya mwembe zilipata matunzo yaleyale na kutoa rangi kidogo tu, upande unaotazama nje ya kivuli. Katikati ya Julai familia iliamua, bila kusubiri, kuing'oa mojawapo na kuipanda karibu na geti ili ipokee wageni. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika kwa urahisi, na kichanga kikavu hakishikani. Mti ulipoinuliwa udongo wote ulidondoka, majani yakapukutika ndani ya wiki moja, na haukuchipua tena. Mti huohuo ungeweza kuhamishwa Desemba, ukiwa umekatwa mfupi na udongo ukiwa umeloana, kwa matumaini makubwa zaidi.

Haibiskasi zilichukua muda mrefu. Tatu zilisafika na kuanza kuchanua mfululizo kuanzia Oktoba, yaani baada ya shughuli iliyokuwa imekusudiwa. Nyingine mbili zilivamiwa upya mara kwa mara. Moja ilikatwa hadi kimo cha goti na ikachipua vizuri mvua zilipoanza, na ya pili iliondolewa. Mjukuu alijaribu pia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, ambayo huku hutumika sana kwenye mboga. Kwa vidung'ata waliokomaa hayakuleta tofauti ya kuonekana, pengine kwa sababu ya nta inayofunika miili yao. Sabuni, ambayo huiharibu nta hiyo, ilifanya kazi zaidi, mradi impate mdudu mwenyewe na si jani tu.

Iksora tatu zilibaki njano hadi Novemba. Zilihamishwa mvua ya pili kubwa ilipopita, zikapandwa ng'ambo ya geti karibu na ile yenye afya. Mbili zimetoa majani mapya ya kijani, huku yale ya zamani yakibaki na unjano wake mpaka yalipodondoka. Ya tatu bado iko katikati, wala haifi wala haipendezi. Waridi la kwenye ndoo linachanua. Hakuna zaidi la kueleza kulihusu.

Uchambuzi

Mtu akisikia kisa hiki kwa haraka atasema tatizo lilikuwa maji mengi au mbolea nyingi. Sehemu ni kweli, lakini haielezi kwa nini matatizo yalizaana. Nyasi zilileta mchwa, mchwa wakaleta majivu, majivu yakaleta unjano, unjano ukaleta CAN zaidi, na CAN ikaleta vidung'ata kwenye mti ambao haukuwa na unjano wowote. Kila hatua ilikuwa na sababu ya maana ukiitazama peke yake, na kila moja ilichukuliwa kwa safu nzima ingawa dalili ilikuwa kwenye aina moja tu. Mfereji mmoja ndio uliofanya iwe hivyo: ulipeleka kila dawa kwa kila mgonjwa na kwa wasioumwa pia. Ndiyo maana navithamini vile vizuizi vya udongo kuliko hatua nyingine yoyote, ingawa havikutibu chochote vyenyewe.

Bogenvilia na haibiskasi hazipaswi kukaa katika mfereji mmoja Tabora, hata kama rangi zake zinapendezana. Zote mbili huchanulia kwenye machipukizi mapya na zote mbili hupenda jua, na hapo ndipo kufanana kwao kunapoishia. Ya kwanza huchanua vizuri inaponyimwa, ya pili huacha kuchanua inaponyimwa. Katika mji wenye mvua mwaka mzima tofauti hiyo hufichwa na hali ya hewa. Hapa, ambako kuanzia Mei hadi Oktoba kila tone linatoka kwa mtu, mwenye mpira wa maji ndiye anayeamua.

Je, tunaweza kusema kwa uhakika kwamba maamuzi yetu ndiyo yaliyozichanuza bogenvilia, ilhali kiangazi ni msimu wake wa kawaida wa kuchanua? Kiangazi kilichotangulia miti hiyohiyo haikutoa rangi, ikiwa tayari imeshika mizizi lakini ikimwagiliwa kila jioni na kukatwa kila mwezi. Hilo linatupa msimamo. Lisiloamulika ni kipi kati ya maji, CAN na panga kilichokuwa kizuizi kikubwa, kwa kuwa vyote vitatu vilisimamishwa kwa pamoja. Tarehe ya sendofu haikuruhusu kukijaribu kimoja kimoja. Dokezo moja lilipatikana baadaye. Mjukuu alirudia kuikata kila mwezi ile bogenvilia ya juani iliyo karibu na kibaraza, kwa kuwa miiba yake ilikuwa ikiwachana watu wanaopita, bila kuirudishia mbolea wala maji ya kila siku. Ilirejea kuwa kijani tupu, isipokuwa matawi machache ya ndani ambayo panga halikuyafikia. Kwa mti ule, basi, ukataji peke yake ulitosha kuondoa maua. Dawa yake ni kuukata mara moja au mbili tu kwa mwaka, na kuyafunga matawi yanayovuka njia kwa kamba kwenye ukuta.

Kivuli hakikupewa uzito wa kutosha tangu siku ya kupanda, na hakuna ratiba ya maji inayoweza kukifidia. Bogenvilia mbili za chini ya mwembe zilipata kila kitu isipokuwa jua, na matokeo yake yalisema wazi. Anayepanga safu ndefu kando ya ukuta afanye kwanza jambo dogo la kukaa siku nzima na kuangalia kivuli kinavyotembea, akijua kwamba jua la Juni hupita kaskazini na lile la Desemba hupita kusini kidogo, kwa hiyo kivuli cha mti uleule huangukia mahali tofauti.

Juu ya majivu, sitaki nionekane ninayapiga vita. Kwenye bustani ya mboga, katika udongo uliochoka na kuwa mchachu mno, kiasi kidogo husaidia, na wanawake wa Tabora wamekuwa wakiyatumia hivyo tangu zamani. Ila kichanga hakina uwezo wa kuhimili mabadiliko kama mfinyanzi, na kumwaga jiko zima kwenye shina moja kila baada ya siku chache ni dozi ambayo hakuna mti unaopenda uchachu utakaoistahimili. Dhidi ya mchwa, kilichofaa zaidi ni kuondoa nyasi kavu kwenye mashina na kuufanya mti usiwe na kiu, maana mti dhaifu ndio unaoliwa kwanza.

Kwa msimu huu wa mvua makubaliano ni kwamba haibiskasi zitapata samadi iliyooza Novemba na tena Januari, bogenvilia hazitapata chochote, na CAN iliyobaki imerudishwa kwa mwenye tumbaku. Pengo la bogenvilia iliyokufa bado halijajazwa. Mimi napendekeza pabaki wazi au papandwe kitu cha kivulini. Mwalimu anataka mwembe ukatwe matawi ya upande wa ukuta na bogenvilia nyingine ipandwe palepale, na mjukuu, ambaye huuza maembe hayo sokoni, ameomba suala hilo lisizungumzwe mpaka msimu wa maembe upite.